Virginia Haiulizwi Kama Inasamehe

Novemba 3 mwaka huu wa 2026, wapiga kura wa jimbo la Virginia nchini Marekani wataulizwa kama wanakubali Katiba ya jimbo lao ibadilishwe, ili mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai arudishiwe haki ya kupiga kura mara tu anapotoka gerezani. Pendekezo hilo limepita katika vikao viwili vya Bunge la jimbo vilivyotenganishwa na uchaguzi, kama Katiba yao inavyotaka, na sasa limebaki mikononi mwa wananchi. Wanaoliunga mkono wanazungumzia nafasi ya pili, toba na kurudi katika jamii. Wanaolipinga wanauliza muuaji amefanya jema gani hata akabidhiwe karatasi ya kura. Hata kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wanaoishi huko, ubishi umeshika njia hiyohiyo: wahurumiwe au wasihurumiwe. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinajibu swali ambalo halijaulizwa. Virginia inasamehe tayari, tena kwa maelfu, na waliosamehe ni magavana wa vyama vyote viwili. Kinachoamuliwa Novemba ni nani ashike ufunguo wa haki hiyo, na kama raia wa kawaida anaweza kujua, bila kumbembeleza mtu yeyote, kwamba mlango uko wazi au umefungwa. Haki ambayo mwenyewe hawezi kujua kama anayo ni hatari kuliko kukosa haki kabisa, kwa sababu anayeitumia kwa kubahatisha anaweza kurudi jela.

Tuanze na hali ilivyo. Katiba ya Virginia ya mwaka 1971 inasema aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai hana sifa ya kupiga kura mpaka gavana, au mamlaka nyingine inayostahili, amrudishie haki zake za kiraia. Basi. Haitaji muda wa kusubiri, haitaji vigezo, wala haitofautishi kosa na kosa. Aliyeua na aliyeghushi hundi wako katika kapu moja, na wote wawili wamepoteza kura maisha yao yote isipokuwa mtu mmoja mjini Richmond, makao makuu ya jimbo, aamue vingine. Na hilo neno "kosa kubwa" lisikutishe sana. Kuanzia mwaka 1980 hadi 2018, kuiba kitu chenye thamani ya dola 200 kulitosha kukufanya mhalifu wa daraja hilo Virginia. Bei zilipanda, mishahara ikapanda, kiwango kikabaki palepale kwa karibu miaka 40. Mwaka 2018 kilipandishwa hadi dola 500, na mwaka 2020 hadi dola 1,000. Kijana aliyeiba simu mwaka 2005 alipoteza haki ya kupiga kura daima. Akiiba simu ya bei hiyohiyo leo, ni kosa dogo na kura yake haiguswi. Sheria ilibadilika bila yeye kubadilika, na hakuna aliyemwandikia barua kumweleza.

Majimbo mengine yana taratibu zao. Maine na Vermont hazimnyang'anyi mtu kura hata akiwa gerezani. Majimbo mengi humrudishia anapotoka, mengine humsubirisha amalize parole (kuachiwa mapema kwa masharti) au kifungo cha nje, na machache yanadai na fedha juu yake. Kwa makadirio ya mwaka 2024 ya taasisi ya utafiti iitwayo Sentencing Project, watu takriban milioni 4 nchini Marekani hawakuweza kupiga kura kwa sababu ya hatia za namna hii, na wengi wao hawakuwa gerezani. Walikuwa mitaani, wanafanya kazi, wanakatwa kodi kama jirani zao.

Historia ya kifungu hiki nayo husimuliwa vibaya na kila upande. Wanaokitetea hupenda kukumbusha kwamba kimekuwepo tangu Katiba ya mwaka 1830, wakati watu weusi wengi wa Virginia walikuwa bado watumwa na hakukuwa na kura yao ya kunyang'anya. Kwa hiyo, wanasema, kisihusishwe na ubaguzi. Hiyo ni nusu ya habari. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Virginia ilirudishwa katika Bunge la Marekani kwa sheria ya Januari 1870, iliyoipa sharti la kutobadili Katiba yake kumnyima kura raia aliyepewa haki hiyo, isipokuwa kwa makosa yaliyokuwa makubwa katika sheria ya kale ya Kiingereza. Mwaka 1876, miaka sita tu baadaye, jimbo likaongeza wizi mdogo kwenye orodha ya makosa yanayomvua mtu kura, na katika badiliko hilohilo likaweka kodi ya kichwa kama sharti la kupiga kura. Kisha likaja Kongamano la Katiba la 1901 na 1902. Mjumbe mmoja mashuhuri wa kongamano hilo, Carter Glass, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Marekani, alisema waziwazi kwamba ubaguzi ndio hasa waliotumwa kuufanya, ilimradi wasivuke mipaka ya Katiba ya nchi. Kwa hiyo chombo kilikuwa cha zamani, lakini makali kilitiwa kwa makusudi. Hata hivyo sidhani hoja ya historia peke yake inatosha kumshawishi mpiga kura wa leo, kwa sababu sheria yenye asili mbaya inaweza kuwa na sababu nzuri ya kubaki. Inabidi tuangalie inavyofanya kazi sasa.

Na inafanya kazi hivi. Gavana wa Virginia haruhusiwi kutawala vipindi viwili mfululizo. Ni jimbo pekee la Marekani lenye katazo hilo. Maana yake ni kwamba kila baada ya miaka minne ufunguo unabadilisha mkono. Mwaka 2013 Bob McDonnell, wa chama cha Republican, aliondoa muda wa kusubiri na ulazima wa kuomba kwa waliotiwa hatiani kwa makosa yasiyo ya ukatili. Aprili 2016 Terry McAuliffe, wa Democratic, alitoa amri moja iliyorudisha haki za watu zaidi ya 200,000 kwa mkupuo. Viongozi wa Republican katika Bunge wakaenda mahakamani, na Julai mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Virginia, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ikasema gavana hana mamlaka ya kurudisha kwa jumla. Lazima amtazame mtu mmoja mmoja. Watu waliokuwa wamekwisha kujiandikisha wakafutwa. McAuliffe akajibu kwa kutumia mashine ya kutia saini, jina baada ya jina, mpaka akaondoka madarakani akiwa amerudisha haki za watu zaidi ya 170,000. Aliyemfuata, Ralph Northam, alibadili kigezo mwaka 2021: ukitoka gerezani tu, unastahili, hata kama bado uko chini ya uangalizi. Akarudisha zaidi ya 126,000. Akaja Glenn Youngkin, na Machi 2023 ikabainika kwamba utaratibu wa Northam umeachwa: kila mtu aombe, kila ombi litazamwe, na vigezo vya kukubali au kukataa havikutangazwa. Idadi ikaporomoka.

Hebu mfikirie mtu aliyetoka gerezani Desemba 2021 na mwenzake aliyetoka Desemba 2022. Kosa moja, hakimu mmoja, miaka ileile ya kifungo. Wa kwanza amepata kura yake bila kuandika hata mstari. Wa pili anajaza fomu na kungoja jibu lisilo na tarehe. Tofauti yao haitokani na walichofanya, wala na tabia yao gerezani, wala na madhara waliyowasababishia waathirika. Inatokana na kalenda ya uchaguzi wa gavana. Anayesema utaratibu huu unalinda heshima ya sheria anieleze ni heshima gani inayozaliwa na bahati nasibu. Wala si Virginia peke yake: huko Iowa, gavana Tom Vilsack alitoa amri ya kurudisha haki kwa jumla mwaka 2005, Terry Branstad akaifuta aliporudi madarakani mwaka 2011, na Kim Reynolds, wa chama kilekile cha Branstad, akatoa amri yake mpya mwaka 2020. Raia wa Iowa mwenye hatia moja ya zamani alilazimika kufuatilia siasa za makao makuu ya jimbo kwa miaka 15 ili ajue kama ni mpiga kura.

Kuna jambo jingine ambalo halipewi uzito linaostahili, nalo ni makosa ya kumbukumbu. Mwaka 2023, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Bunge la jimbo, serikali ya Virginia ilikiri kwamba imewafuta kimakosa watu karibu 3,400 kwenye daftari la wapiga kura. Hawa walikuwa wamekwisha kurudishiwa haki zao. Ila walivunja masharti ya kifungo cha nje, pengine kwa kutofika kwa afisa wa uangalizi, na kumbukumbu za polisi zikayaorodhesha makosa hayo kana kwamba ni hatia mpya za makosa makubwa. Mfumo ukazisoma hivyo, ukawatupa nje. Sitaki kudai hapa kwamba kulikuwa na njama. Sina haja nayo. Utaratibu ambao haki ya mtu inategemea historia ya saini za magavana watatu, hifadhidata ya polisi na tafsiri ya neno "ukiukaji" utazaa makosa hata ukiendeshwa na malaika.

Hapo ndipo Florida inapokuwa mwalimu. Watu wengi wanapoambiwa "acha wananchi waamue" hudhani wananchi wakishaamua mambo yamekwisha. Novemba 2018 wananchi wa Florida waliamua. Kampeni iliongozwa na Desmond Meade, mtu aliyewahi kufungwa, akaishi bila makazi, akasoma sheria na kuhitimu, na asiweze kupiga kura hata kwa kampeni aliyoiongoza mwenyewe. Marekebisho ya Katiba yalihitaji asilimia 60. Yakapata zaidi ya 64. Watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.4 walisemekana kurudishiwa haki, ukiondoa waliotiwa hatiani kwa mauaji na makosa makubwa ya kingono. Lakini maandishi yenyewe yalisema haki inarudi mtu "akikamilisha masharti yote ya adhabu yake". Maneno hayo yaliwekwa kwa nia ya kuwatuliza wenye mashaka. Mwaka uliofuata Bunge la Florida likayatafsiri kwa sheria: masharti yote ni pamoja na faini, gharama za mahakama na fidia zilizoamriwa katika hukumu. Lipa kwanza.

Tusikimbilie kulaani, maana fidia kwa mwathirika ni jambo zito na nitalirudia. Tatizo lililojitokeza lilikuwa la kiutendaji, na lilikuwa la kushangaza. Kesi ilipofika mbele ya Jaji Robert Hinkle wa mahakama ya shirikisho mwaka 2020, ilidhihirika kwamba jimbo halina daftari moja la madeni hayo. Deni la kosa la mwaka 1990 linaweza kuwa kwenye jalada la karatasi katika kaunti moja, malipo yake katika kampuni ya kukusanya madeni, na hukumu yenyewe haitenganishi kiasi kinachohusu kosa kubwa na kinachohusu kosa dogo. Profesa mmoja na wanafunzi wake wa shahada ya uzamivu walijaribu kutafuta madeni ya watu 153 waliochaguliwa bila mpangilio, na ni watatu tu ambao kumbukumbu zao hazikupingana. Wasomi, wana muda, wana kompyuta, wameshindwa. Jimbo lenyewe lilikuwa na maombi 85,000 ya uandikishaji ya kuchunguza, na kwa kasi iliyokuwepo, jaji aliona kazi isingekwisha kabla ya mwaka 2026. Jaji Hinkle aliuita mfumo huo wa kulipa ili upige kura, akaupinga. Septemba mwaka huohuo, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11, inayosikiliza rufaa za mahakama za shirikisho za Florida, ikambatilishia kwa majaji sita dhidi ya wanne. Hoja ya walio wengi, kwa kifupi, ilikuwa kwamba jimbo linaweza kudai adhabu ikamilike yote, na halilazimiki kumtafutia mhalifu taarifa za deni lake mwenyewe.

Isome tena hiyo sehemu ya mwisho. Serikali inakudai, serikali haijui inakudai kiasi gani, na wewe ukikosea kukisia, serikali inakushtaki. Agosti 2022, siku chache kabla ya uchaguzi wa mchujo, Gavana Ron DeSantis alitangaza kukamatwa kwa watu 20 waliopiga kura mwaka 2020 bila sifa. Wote walikuwa na hatia za mauaji au makosa ya kingono, makundi ambayo marekebisho ya 2018 hayakuwagusa. Kisheria hawakuwa na haki. Ila walikuwa wamejaza fomu, wakaandikishwa, wakatumiwa kadi za wapiga kura na maofisa wa jimbo lilelile lililokuja kuwafunga pingu. Baadhi ya kesi zilitupwa na majaji. Lakini habari ilishasambaa, na kwa mtu mwenye hatia ya zamani ujumbe ulieleweka: kaa nyumbani. Hata walipojitokeza wenye fedha kuwasaidia wadaiwa, akiwamo Michael Bloomberg aliyechangisha zaidi ya dola milioni 16 mwaka 2020, mwanasheria mkuu wa jimbo aliomba vyombo vya uchunguzi vilitazame jambo hilo kama huenda ni kununua kura. Yaani ukishindwa kulipa hupigi kura, na ukilipiwa unachunguzwa.

Mtu ataniuliza: mbona Donald Trump alipiga kura Florida Novemba 2024, ilhali miezi michache nyuma baraza la wazee wa mahakama New York lilimtia hatiani kwa makosa 34? Swali hili lilizagaa sana, na majibu mengi yalikuwa ya hasira tu. Jibu la kisheria ni rahisi. Florida hufuata kanuni za jimbo lililomhukumu mtu, na New York tangu mwaka 2021 humnyima kura yule tu aliyeko gerezani. Trump hakufungwa, kwa hiyo hakupoteza chochote. Hakupendelewa. Alichofaidi ni kuhukumiwa katika jimbo lenye mstari unaoonekana kwa macho: uko ndani au uko nje. Angetiwa hatiani kwa makosa hayohayo katika mahakama ya Florida, angeingia kwenye mlolongo nilioueleza hapo juu. Nashangaa kwamba wanaompenda hawajaitumia hoja hii kutetea kanuni ya New York kwa watu wote.

Sasa tuwape wapinzani wa pendekezo la Virginia nafasi yao. Hoja yao ya kwanza ni ya kimaadili: asiyefuata sheria asishiriki kuitunga. Ina mvuto, na sidhani ni ya kupuuzwa. Lakini ikichukuliwa kwa uzito wake inathibitisha zaidi ya wanavyotaka. Kama kuvunja sheria kunamvua mtu sauti, basi kumvue wakati anapotumikia adhabu. La sivyo adhabu haina mwisho, na hakimu aliyesema miaka mitatu alidanganya. Pendekezo la Virginia halimpi kura aliyeko gerezani. Linakubali hoja hiyo ndani ya kuta na kuikataa nje yake.

Hoja ya pili ni kwamba gavana akitazama mtu mmoja mmoja anaweza kumtenganisha aliyejirekebisha na asiyejirekebisha. Hapa naona kuna nia njema inayokosa chombo. Nani anayeweza kupima toba kwa fomu? Florida ilijaribu kwa miaka mingi kupitia bodi ya msamaha ya gavana na mawaziri wake, na Gavana Rick Scott aliwahi kuwaambia waombaji waziwazi kwamba hakuna kigezo chochote, bodi inaweza kufanya itakalo. Uamuzi usio na kigezo hauwezi kukatiwa rufaa, na usioweza kukatiwa rufaa hautofautishi aliyejirekebisha na mwenye wakili mzuri.

Ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi: fidia. Mwanamke aliyetapeliwa akiba yake ana haki ya kuuliza kwa nini aliyemtapeli asimame naye kwenye foleni ya kura kabla hajamlipa. Sina jibu litakalompendeza. Naweza kusema tu kwamba kumnyima kura mdaiwa hakumletei mdai hata senti. Kuna njia za kudai fidia ambazo hazihusu kura: kukata mshahara, kukamata mali, kuongeza muda wa uangalizi. Zote zinaendelea kutumika baada ya pendekezo kupita. Pia kuna hatari ya kuchanganya madeni ya aina mbili. Katika mabishano ya Florida, fidia ya mwathirika ilitajwa kwanza kila mara, lakini sehemu kubwa ya yaliyokuwa yanadaiwa ni ada na gharama zinazoingia katika mfuko wa mahakama na wa jimbo, yaani bei ya kuendesha kesi iliyokufunga.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba huu ni mpango wa chama kimoja kujizolea kura za wahalifu. Hoja hii inadhani mambo matatu kwa pamoja, na hakuna hata moja linalosimama. Inadhani walioachiwa watajitokeza kwa wingi, wakati uzoefu wa majimbo yaliyowarudishia haki ni kwamba hujitokeza kwa kiwango cha chini kuliko raia wengine, kwa sababu ni masikini zaidi, wanahama zaidi na wengi wana hofu. Inadhani wote wana mawazo mamoja, wakati miongoni mwao wapo wazungu wa mashambani na wapo weusi wa mijini. Ni kweli kwamba weusi wameumizwa zaidi kwa uwiano, lakini kwa idadi ya vichwa walionyimwa kura Florida wengi hawakuwa weusi. Na inadhani kwamba kama kundi la raia litakipigia kura chama usichokipenda, hiyo ni sababu ya kulizuia. Dhana hii ya tatu ikikubaliwa, hakuna raia atakayebaki salama kwenye daftari.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki haya si mageni kabisa. Kenya, katika Katiba yake ya 2010, ilichagua mstari mwembamba na unaosomeka: Ibara ya 83 humzuia kujiandikisha aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita. Mwizi wa ng'ombe hakutajwa. Wafungwa walipiga kura katika kura ya maoni iliyoizaa Katiba hiyohiyo, na katika uchaguzi mkuu wa 2017 magereza yalikuwa na vituo vya kupigia kura. Tanzania ilikwenda kwa mwendo mwingine. Ibara ya 5 ya Katiba inaliruhusu Bunge kuweka masharti kwa aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, na sheria ya zamani ya uchaguzi ikalisoma neno "fulani" kuwa ni kosa lolote lenye kifungo kinachozidi miezi sita. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliona kifungu hicho, cha 11(1)(c), kinakwenda kinyume na Katiba. Na wakati wa kuboresha daftari kwa uchaguzi wa 2025, Tume ilipeleka vituo vya kuandikisha magerezani kwa mahabusu na waliofungwa chini ya miezi sita. Unaweza kubishana na kiwango cha miezi sita, nami ningebishana nacho. Lakini ni namba iliyoandikwa, karani wa gereza anaweza kuisoma, na mfungwa anaweza kuhesabu. Nchi zisizo na fedha za Virginia zimeweka mipaka ambayo Virginia haijaiweka tangu 1971.

Pendekezo lenyewe lina mipaka yake, na wanaolishangilia wasijidanganye. Lengo lake kuu ni kura. Virginia, mtu anapotiwa hatiani hupoteza pia sifa ya kukaa kwenye baraza la wazee wa mahakama, ya kuwa mthibitishaji wa hati, na ya kumiliki silaha, na si zote zina njia moja ya kurudi. Silaha, kwa mfano, huombwa mahakamani wala si kwa gavana. Nje ya hizo kuna leseni za kazi, nyumba za kupanga na ajira, ambako hatia ya zamani humfuata mtu bila gavana wala Katiba kuhusika. Kwa mtu aliyetoka gerezani akiwa na watoto, leseni ya udereva wa lori ina faida ya haraka kuliko kura. Sioni kama hilo linapunguza thamani ya kura. Watunga sheria hupanga leseni na masharti ya kazi wakiwaangalia wanaoweza kuwaondoa madarakani, na mtu asiye kwenye daftari hawezi kumwondoa yeyote.

Uzuri wa pendekezo hili, ukilinganisha na la Florida, ni kwamba waliloliandika wameepuka maneno "masharti yote ya adhabu". Wamechagua tukio moja, kutoka gerezani, ambalo karani yeyote anaweza kulithibitisha kwa kumtazama anayemwomba fomu. Aliyesimama mbele ya meza hayuko gerezani. Hakuna daftari la madeni la kufukua, hakuna saini ya kutafuta. Likipita, kazi itahamia kwenye mambo ambayo hayatangazwi kwenye mabango. Sehemu ya wenye vifungo vya makosa makubwa Virginia hutumikia katika jela za kaunti na za kanda badala ya magereza ya jimbo, kwa hiyo taarifa ya kuachiwa itabidi itoke katika ofisi nyingi na kufika idara ya uchaguzi kwa mfumo mmoja. Maelfu waliofutwa miaka ya nyuma watabaki wamefutwa mpaka wajiandikishe upya, na lazima mtu awaambie. Na lile tatizo la 2023 bado liko palepale: aliyevunja sharti la kifungo cha nje akarudishwa jela kwa siku 30, je, amepoteza kura kwa siku hizo 30, na mfumo utajua lini ametoka? Bunge la Virginia litapaswa kulijibu hilo kwa sheria kabla ya uchaguzi unaofuata, na wanaharakati wanaopiga hodi majumbani sasa hivi wangefanya vyema kuwauliza wagombea wao mapema wataliandikaje jibu hilo.